Kuchagua Programu ya Uwajibikaji Mtandaoni: Kumsaidia Ndugu Bila Kumwanika

Somo la vikundi vya nyumbani. Kabla ya kukutana someni Mwanzo 9:20–23, Mithali 11:13, Yakobo 5:16 na Wagalatia 6:1–2.



Somo hili limechelewa karibu mwaka mzima, na waliolichelewesha ni sisi viongozi. Wengi mnakumbuka kwamba kikundi kimoja cha akina kaka kiliamua kuweka kwenye simu zao programu ya kuwasaidia kuacha picha za ngono. Kaka mmoja alikuwa amesimama katika maombi ya usiku akakiri wazi, wengine wakatiwa moyo wakasema nao wanasumbuliwa na jambo hilohilo. Tulimshukuru Mungu kwa ujasiri wao. Kaka wanane wakaweka programu ileile, na taarifa zote nane zikawa zinakwenda kwa kiongozi mmoja kwa barua pepe. Sisi tulilibariki jambo hilo kwa dakika tano, tumesimama nje baada ya ibada, funguo za gari mkononi. Hatukuuliza programu ile inachukua nini, inakipeleka wapi, na ni nani atakayekisoma.

Mwezi wa pili taarifa ya kaka mmoja ilikuja bila picha chafu hata moja. Lakini ilikuwa na picha za skrini yake. Ndani yake zilionekana kurasa alizokuwa akizisoma usiku kuhusu namna ya kubadili mwajiri hapa Qatar. Kiongozi aliyezipokea akamwombea. Kisha akamgusia ndugu mwingine amwombee pia, na ndugu huyo anafanya kazi mahali pamoja na kaka yule, ngazi moja juu yake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wiki haikuisha, kaka aliitwa ofisini akaulizwa kama ana mpango wa kuondoka.

Sheria iko upande wake. Tangu 2020 mfanyakazi nchini hapa anaweza kubadili mwajiri bila barua ya kutopinga kutoka kwa mwajiri wa zamani, akitoa notisi ya mwezi mmoja ikiwa amefanya kazi miaka miwili au pungufu, na miezi miwili ikiwa amezidi hapo. Ila kila anayeishi Doha anajua tofauti ya haki iliyoandikwa na siku unayochagua mwenyewe kuitumia. Kaka yule alikuwa bado anahesabu ada ya watoto nyumbani na mkopo wa kiwanja. Hakuwa amemwambia hata mkewe.

Ametupa ruhusa tuandike haya, na tumebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alituambia neno moja ambalo limetukaa moyoni: "Nilikuja kuomba msaada wa jambo moja, mkanivua yote." Tulimwomba msamaha mbele ya kikundi, na leo tunawaomba msamaha ninyi nyote mlioamini kwamba tumelichunguza jambo lile wakati hatukulichunguza.

Vazi la Shemu na Yafethi

Katika Mwanzo 9 Nuhu amelala amelewa, yuko uchi hemani. Mwana mmoja anaona, anatoka nje anawaambia ndugu zake. Wale wawili wanachukua vazi, wanaliweka mabegani, wanatembea kinyumenyume na kumfunika baba yao, nyuso zao zimegeukia kwingine. Tumezoea kufundisha habari hii kama somo la heshima kwa wazazi, na ni kweli. Lakini angalieni jambo jingine. Wale wawili hawakukaa mbali wakijifanya hakuna tatizo. Waliingia hemani. Walijua hasa kilichotokea, na walifanya kazi iliyohitajika. Kitu walichokataa ni kutazama kuliko kazi ile ilivyohitaji.

Sisi tunaofanya kazi wodini tunaijua njia hiyo ya kutembea. Mgonjwa akioshwa kitandani, unafunua mkono, unauosha, unaufunika, ndipo unafunua mguu. Hufunui mwili mzima kwa sababu tu una ruhusa ya kumwosha. Ni vivyo hivyo na faili lake: muuguzi anafungua la mgonjwa aliyepangiwa zamu hiyo, basi. Kompyuta inaandika jina la kila aliyefungua faili na saa aliyolifungua, na ukilifungua la jirani yako aliyelazwa ghorofa ya juu kwa sababu tu umesikia anaumwa, utaitwa ujieleze. Huo ni uwajibikaji pia, tena wa kila siku, lakini unapima kitu kimoja tu: ulifungua faili gani. Hauingii katika mazungumzo yako na mama yako.

Sasa jiulizeni kama programu iliyo kwenye simu ya ndugu yenu inafanya hivyo.

Kwa nini tusiache kabisa

Baada ya mambo yale baadhi yenu mlisema programu hizi zitupwe zote. Tunaelewa, lakini hatukubaliani, na tutasema sababu.

Hapa Qatar kampuni za mtandao huzuia tovuti za ngono. Mtu mpya akifika hudhani vita vimekwisha. Baada ya mwezi anagundua kwamba picha zile zinaingia kwa Telegram, kwa X, kwa kundi la WhatsApp aliloingizwa na mtu wasiyejuana, au kwa VPN. Kizuizi cha nchi hakimjui mtu. Hakijui kwamba huyu ametoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, wenzake wa chumba wamekwenda kazini, pazia limefungwa, usingizi hauji, mke yuko Kisumu au Mbeya na miezi kumi na nne imepita tangu waonane. Saa hizo ndizo ngumu, na akina dada pia wanatuambia hivyo, ingawa katika makanisa yetu jambo hili huzungumzwa kana kwamba ni la wanaume peke yao. Wakati huo mtu anahitaji kujua kwamba kuna mwenzake anayejua udhaifu wake, atakayemuuliza Ijumaa, na ambaye hatamcheka. Yakobo 5:16 inazungumza juu ya kuungamiana na kuombeana. Programu haiungami kwa niaba ya mtu. Kazi yake, ikiwa nzuri, ni kumkumbusha kwamba kuna mtu amemwahidi, na kumpa yule rafiki mahali pa kuanzia swali.

Programu hizi huchukua nini

Programu za uwajibikaji si kitu kipya. Covenant Eyes, ambayo huenda ndiyo inayojulikana zaidi makanisani, ilianzishwa Michigan, Marekani, mwaka 2000. Mwanzoni ilikuwa inaandika orodha ya tovuti alizozitembelea mtu na kuituma kwa rafiki aliyemchagua. Baadaye ikahamia kwenye picha: programu inapiga picha ya skrini mara kwa mara, kompyuta inaipima kama ina uchafu, kisha picha iliyotiwa ukungu inawekwa kwenye taarifa. Nyingine kama Truple nazo hutumia picha za skrini. Accountable2You hutuma zaidi orodha ya shughuli.

Tofauti ya orodha na picha ni kubwa kuliko inavyosikika. Orodha inasema mtu alifungua tovuti fulani saa tano usiku. Picha inachukua chochote kilichokuwa mbele ya macho yake wakati huo: ujumbe wa M-Pesa wa ada, majibu ya maabara, barua ya mwanasheria, ugomvi na shemeji, maombi ya siri ambayo dada mmoja amemwandikia. Dada huyo hakukubali kuwekwa kwenye taarifa ya mtu yeyote. Ukungu husaidia, lakini umbo la ukurasa mara nyingi hutambulika, na kwa mtu anayekufahamu hata rangi za programu na saa ya kutumia hueleza mengi.

Na kompyuta inayopima picha hukosea. Mkunga mmoja wa kwetu alicheka hadi machozi akitusimulia kwamba taarifa yake ilikuja na tahadhari nyingi kuliko ya mtu yeyote kikundini, kwa sababu alikuwa anajisomea kwa ajili ya mtihani wa leseni: matiti, uzazi, katheta. Ni jambo la kuchekesha kama rafiki yako ni muuguzi mwenzako. Si la kuchekesha kama ni baba mkwe.

Septemba 2022 jarida la WIRED la Marekani lilichapisha uchunguzi juu ya programu hizi. Lilisimulia kijana wa kanisa moja huko California aliyewekewa programu, na muda si mrefu akaanza kupokea barua pepe kutoka kwa kiongozi wake wa kanisa zikimhoji juu ya alichokitazama. Waandishi walionyesha pia kwamba Covenant Eyes na Accountable2You kwenye simu za Android zilikuwa zinatumia ruhusa iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Walipoiuliza Google, Google iliziondoa zote mbili kwenye duka lake kwa kukiuka kanuni za ruhusa hiyo.

Ruhusa hiyo kwenye simu iliyo katika Kiswahili huitwa Ufikivu. Iliwekwa ili mtu asiyeona asomewe kilicho kwenye skrini, au asiyeweza kushika simu aiendeshe kwa njia nyingine. Kwa sababu hiyo, programu iliyopewa ruhusa hii inaweza kusoma karibu kila kinachoonekana kwenye skrini, hata ndani ya programu nyingine. Programu za kijasusi ambazo watu huwawekea wake zao kwa siri hupitia mlango huohuo. Hatusemi kwamba kila anayeutumia ni mwovu. Tunasema ukiona neno Ufikivu wakati wa kuweka programu, simama, ujue unampa mtu ufunguo wa nyumba nzima.

Tulikwisha kuliona hili hapahapa

Kuna ndugu watasema kampuni kubwa zina wataalamu, hazivujishi. Turudi nyuma hadi 2020. Kuanzia tarehe 22 Mei mwaka ule kila mtu nchini alitakiwa kuwa na EHTERAZ kwenye simu anapotoka nyumbani. Sisi wa hospitali tuliikubali kwa moyo wote. Tulikuwa tunaona yanayotokea wodini, na tulitaka kila mtu awe na rangi ya kijani. Siku hizohizo wataalamu wa Amnesty International walitangaza kwamba walikuwa wamekuta udhaifu katika mfumo ule: mtu mwenye ujuzi angeweza kuvuta taarifa za watumiaji zaidi ya milioni moja, yaani jina, namba ya kitambulisho, hali ya afya na mahali. Waliziarifu mamlaka, na mamlaka zikauziba upesi.

Tunalitaja kwa sababu ni mfano tuliouishi wote, na kwa sababu nia ya programu ile ilikuwa njema na kazi yake ilikuwa ya lazima. Hata hivyo kitu kikishakusanywa mahali pamoja, usalama wake unategemea kila mlango kufungwa vizuri kila siku. Kampuni ya uwajibikaji inayotunza picha za skrini za maelfu ya waumini imekusanya kitu ambacho mhalifu angekilipia pesa. Picha isiyopigwa haiwezi kuibwa.

Qatar ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Sheria namba 13 ya 2016, na nchi hii ilitangulia jirani zake wa Ghuba kuwa na sheria ya namna hiyo. Inazipa uzito wa pekee taarifa za afya, imani ya dini, ndoa, watoto, asili ya mtu na makosa ya jinai. Soma tena orodha hiyo, kisha fikiria taarifa ya kila wiki ya muumini mmoja kutoka simu yake. Karibu vyote vimo. Kenya ina sheria yake ya 2019 na Tanzania ya 2022. Hatuandiki haya ili mtu ampeleke mchungaji mahakamani. Tunaandika ili vikundi vijue kwamba vitu tulivyokuwa tunapitishiana kwa barua pepe ni vitu ambavyo sheria inaviita nyeti.

Na kwa wenzetu wa afya tuseme bila kuzunguka: kama simu yako ina kundi la wodi, ratiba zenye majina ya wagonjwa, au unaingia mfumo wa hospitali kupitia simu hiyo, usiweke programu ya kupiga picha za skrini. Siri iliyomo si yako kuitoa. Kiapo cha Nightingale ambacho wengi wetu tulikisema tukiwa na mshumaa mkononi kiliandikwa Detroit mwaka 1893, miaka mingi kabla ya simu hizi, na bado kinatosha hapa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuweka

Swali la kwanza ni kama mwenye simu amekubali mwenyewe, akiwa na nafasi ya kukataa. Kukubali mbele ya watu kumi walionyoosha mikono si kukubali. Mpe wiki moja, muulize mkiwa wawili. Mume asimwekee mke kwa siri, wala mke asimwekee mume. Ndoa yenye mashaka haiponywi kwa njia hiyo, na wanaokuja kwetu baada ya kugundua huwa wameumizwa mara mbili. Wala dada anayefanya kazi za nyumbani asiweke kitu hiki kwenye simu aliyopewa na mwajiri, kwa sababu simu ile si yake.

La pili: inachukua kitu gani kidogo kabisa kinachotosha? Kama orodha ya majina ya tovuti inatosha, usichukue anwani nzima ya ukurasa. Kama alama ya "kuna tatizo" au "hakuna tatizo" inatosha, usichukue orodha. Programu nyingi zina sehemu ya kupunguza. Fungua mipangilio uitafute, kwa sababu ukiziacha zilivyokuja kwa kawaida huchukua kingi.

Kisha uliza inapeleka wapi na inakaa muda gani. Sera ya faragha ni ndefu na inachosha, lakini tafuta humo mambo matatu: kama kampuni yenyewe inaweza kusoma taarifa au imefungwa kwa ufunguo alio nao rafiki peke yake, kama inawapa wengine au watangazaji, na siku ngapi kabla haijafutwa. Sera isiyotaja siku, sisi tunaihesabu kuwa inatunza daima. Kama hukuielewa lugha, mlete kijana wako aliye chuo akusomee.

Na la mwisho, ambalo tulilisahau kabisa mara ile: mtu akitaka kutoka, anatokaje? Ni sawa rafiki apate ujumbe kwamba programu imeondolewa. Huo ni sehemu ya ahadi. Si sawa mtu ashindwe kuiondoa mpaka aombe ruhusa ya kanisa. Tuliona programu inayodai namba ya siri kutoka kwa msimamizi ndipo iondoke. Kwa mtoto wa miaka tisa tunaelewa. Kwa mtu mzima mwenye kazi na familia, hapana.

Tunachopendekeza kwa sasa

Tunapanda ngazi kutoka chini, na wengi hawatahitaji kufika juu.

Anza na kizuizi kisichomripoti mtu. Kwenye Android fungua mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya Faragha, uandike family.cloudflare-dns.com. Ni bure, na inafunga tovuti nyingi za ngono pamoja na zenye virusi. Cloudflare itaona majina ya tovuti unazoziomba, jinsi kampuni yako ya simu inavyoyaona sasa, lakini haipigi picha na haimwambii mchungaji. Udhaifu wake ni kwamba haiingii ndani ya Telegram wala X, na ukiwasha VPN mara nyingi inapitwa. Kwa hiyo kama tatizo lako liko Telegram, dawa ni kuiondoa Telegram, na tunajua hilo ni gumu kwa wale ambao jamaa zao wako humo.

Kwenye iPhone kuna Screen Time, iliyokuja mwaka 2018, yenye sehemu ya kuzuia tovuti za watu wazima. Mbinu ya zamani ambayo bado inafanya kazi ni hii: rafiki yako ndiye anaandika namba ya siri ya Screen Time, wewe ukiwa umegeuka. Simu ikiuliza akaunti ya kurejesha namba hiyo, isiwe yako. Ukitaka kufungua, itabidi umpigie. Dakika tatu za kumpigia mtu na kumwambia sababu zimewaokoa wengi kuliko taarifa za kurasa ishirini. Hakuna kitu kinachotumwa popote. Tunaipenda njia hii kuliko zote, na kama tungekuwa tumeifuata tangu mwanzo, tusingekuwa na habari ya kusimulia leo.

Hizo zikishindwa, na mtu mwenyewe akiomba, tumieni programu ya kutuma orodha kwa rafiki mmoja, mara moja kwa wiki, majina ya tovuti tu. Programu ya picha za skrini tunaiweka mwisho kabisa, kwa mtu anayejua anachokubali, kwenye simu isiyo na siri za watu wengine, kwa muda uliotajwa. Kwa kikundi kizima, hatutaibariki tena.

Rafiki awe nani

Awe mmoja. Awe wa jinsia yako. Asiwe bosi wako, wala mwenye mkataba wa nyumba yako, wala mtu unayemdai au anayekudai. Katika mji huu ambamo mzee wa kanisa anaweza kuwa msimamizi wako kazini na mwenyekiti wa chama chenu cha kusaidiana, kumpata asiyeshika kamba yako yoyote si rahisi. Tafuteni hata kwenye kikundi kingine. Kuhusu mchungaji, wengine wataona tumekosea, lakini tunaona ni vizuri asipokee taarifa za simu za waumini. Abaki kuwa mtu wa kukimbiliwa.

Mke au mume? Hapa hatukukubaliana wote kwenye kamati. Wako waliosema wanandoa hawana siri. Lakini tumeona wake wakigeuka polisi wa simu, wakiamka saa tisa usiku kusoma taarifa, afya ikiharibika. Mwenzi wako anastahili ukweli kutoka kinywani mwako. Kazi ya kukukagua mpe mwingine.

Aliyekubali kuwa rafiki naye ana sheria zake. Anachokisoma hakitoki kwake, hata kwa jina la maombi. Ukitaka tukuombee ndugu fulani, sema "ndugu fulani" na uishie hapo. Mungu anajua jina. Akikutana na jambo lisilohusu walichokubaliana, analiacha lilipo, asiulize hata kwa upole. Isipokuwa akiona mtu anataka kujiua au mtoto anadhurika: hapo hanyamazi, anamwendea mwenye simu kwanza kama inawezekana, kisha msaada wa haraka. Taarifa ikishasomwa na mazungumzo yakishafanyika, ifutwe. Na rafiki akihama Doha, jambo ambalo hapa hutokea kila mwezi, mapatano yanakwisha siku hiyo na yanaandikwa upya na mwingine.

Watoto

Kwa watoto wadogo mzazi ana wajibu, na Family Link ya Google au Screen Time zinatosha familia nyingi bila kununua kitu. Mwambie mtoto unachokiona na usichokiona. Akifika kidato cha kwanza au cha pili anza kulegeza, jambo moja kila muhula, ili akienda chuo asikutane na uhuru kwa mara ya kwanza akiwa peke yake Nairobi au Dar. Kijana aliyegundua kwamba simu yake ilisomwa kwa siri hujifunza kuwa na simu ya pili. Tumewaona.

Ya kujadili kikundini

Ni taarifa gani kwenye simu yako isiyo yako, bali ya mtu mwingine aliyekuamini? Ulipoomba maombi kwa ajili ya mwenzako mara ya mwisho, ulisema nini kilichozidi? Kama leo ungechagua mtu mmoja wa kukuuliza swali gumu, ungemchagua nani, na ni nini kinakuzuia kumwambia? Swali hili la tatu kila mtu alijibu moyoni, msilizunguke mezani.

Programu ile ya kwanza imeondolewa kwenye simu zote nane, na barua pepe zilizokuwa zimehifadhiwa zimefutwa, kaka wawili wakiwa wamekaa pale wakiona. Akaunti kwenye kampuni tumeomba ifungwe pamoja na yaliyomo, nasi tunasubiri jibu la maandishi, likija tutalitangaza. Kaka yule amerudi kwenye maombi ya usiku, anakaa karibu na mlango.

Ijumaa mbili zijazo, baada ya ibada, wauguzi wawili na kijana mmoja wa kompyuta watakaa kwenye chumba cha shule ya watoto kuwasaidia wanaotaka kuweka DNS au Screen Time. Njoo na rafiki yako wa kuandika namba ya siri. Simu utaishika mwenyewe. Sisi tutakuelekeza kwa mdomo.